Nilivyopanda vilima vya Wisconsin kwa baiskeli na mama mkwe mtarajiwa

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Miaka yote nasoma visa vyenu vya ukweni, nacheka peke yangu hadi mke wangu ananiuliza kama niko sawa. Leo nimeamua kuleta cha kwangu. Ni kweli tupu. Atakayesema ni chai namruhusu aongeze na sukari, lakini mapaja yaliyouma siku ile yalikuwa yangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Minnesota, Marekani. Vijana wa humu naomba mwelewe kitu kimoja: simu ya kukuonyesha njia haikuwepo. Ulikuwa na ramani ya karatasi, na ukipotea unagonga mlango wa mtu usiyemjua unauliza.

Mimi ni Msukuma wa Shinyanga. Nilikuwa nasoma chuo na kufanya part-time kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nilikaa apartment ya New Hope na Wabongo wenzangu wawili. Pale mji jirani, Crystal, kulikuwa na binti wa Kikenya anaitwa Njeri, anaishi na mama yake, anasoma nursing. Tulikutana kanisani. Nikatega mtego, nikanasa mwenyewe.

Tukafika mahali pa kusema tuoane.

Njeri akanieleza mambo yalivyo. Baba yake alishafariki, kwa hiyo mwamuzi ni mama peke yake. Mama akikubali, wajomba kule Murang'a watapokea posa. Mama akikataa, hata niswage ng'ombe wote wa Usukumani hadi Kenya, imekula kwangu.

Sasa niwaeleze huyu mama.

Mama Njeri alikuwa nesi, karibu astaafu. Ujanani alikwenda Uingereza kusomea unesi, kisha akapangiwa kazi vijijini, Shropshire, sehemu ya vilima vitupu. Alikuwa anawazungukia wagonjwa majumbani kwa baiskeli, mvua inyeshe, barafu ianguke. Siku za mapumziko, wanakijiji wakamwingiza kwenye kikundi chao cha kuendesha baiskeli. Wanazurura kwenye vijibarabara vya mashambani, ua wa miti huku na huku, gari linapita moja moja. Akanogewa. Alipohamia Marekani na mumewe alikuja na baiskeli yake ya chuma, rangi ya kijani, na ule ugonjwa wenyewe.

Minneapolis na miji yake ya pembeni kama Crystal ni tambarare, kwa hiyo kila Jumamosi anayokuwa off anapakia baiskeli kwenye gari na kufuata vilima vya ng'ambo ya mto Mississippi, upande wa Wisconsin.

Na alikuwa na msimamo mmoja: mtu humjui sebuleni. Sebuleni kila mtu ana adabu. Ukitaka kumjua, nenda naye barabarani.

Kabla yangu alikuja jamaa wa Eden Prairie, kazi ya ofisini, gari zuri, kila kitu. Kilima cha kwanza tu akakaa kwenye nyasi, akasema goti. Pale Crystal hakuonekana tena.

Zamu yangu ikafika. Njeri akanipigia simu.

"Mum amesema u-come Saturday mapema, na bike yako. Usi-late. Na please, usivae jeans."

Nilicheka sana. Wakuu, Msukuma unamtisha na baiskeli? Kwetu baiskeli ni mguu wa tatu. Nikiwa darasa la saba nilikuwa nabeba gunia la mpunga kwenye keria, mdogo wangu kakaa juu ya gunia, na mluzi napiga. Nikamjaza Njeri hadithi hizo, naye akampelekea mama yake zote. Mama akaamini kuwa anakuja bingwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilijisifu mwenyewe, kwa hiyo maji niliyatia ndoo nzima.

Kulikuwa na mambo mawili sikuyafikiria.

La kwanza, Shinyanga hakuna milima. Ukikutana na mwinuko unashuka, unasukuma, unapanda tena. Wala si aibu.

La pili ni bukta.

Njeri alininunulia zile bukta za waendesha baiskeli. Nyeusi, za kubana, zina sponji sehemu ya kukalia. Nilivyovaa nikajiangalia kwenye kioo, nikakaa kitandani. Wale wenzangu wawili walicheka hadi jirani wa chini akagonga dari.

Inabidi niwaeleze wasiojua. Kwetu mkwe si mtu wa mchezo, hasa mama mkwe. Huketi naye kiti kimoja. Huli mbele ya macho yake. Mkikutana njiani unachepuka kando mpaka apite. Nimelelewa hivyo na nilimwona baba yangu akifanya hivyo hadi bibi yangu alipozikwa. Sasa leo mimi nimwendee mama mkwe na kitu kinachonichora hivi?

Nikavaa fulana ndefu kuliko zote nilizokuwa nazo. Kila hatua naivuta chini.

Nimefika Crystal, nikakuta habari nyingine. Njeri amepangiwa zamu, haji. Ni mimi na mama tu.

Nikamwamkia shikamoo. Akacheka, maana Wakenya wa bara hawana sana hiyo, akaitika marahaba kwa kuifurahia. Nikafungua mlango wa nyuma wa gari nikaingia, nikajibana kwenye kona. Mama akaniangalia kwenye kioo.

"Kwani mimi ni taxi?"

Sikuhama. Tulikwenda hivyo hadi Wisconsin, yeye mbele, mimi nyuma, katikati yetu helmeti mbili na chupa ya chai.

Tukapaki kwenye mji mdogo kando ya Mississippi, pale mto unapotanuka hadi unakuwa ziwa. Mama akatandaza ramani juu ya boneti na kunifundisha anavyochagua njia. Hiki kitu nakitumia hadi leo, kwa hiyo wapenda baiskeli mtege masikio. Mstari mwekundu kwenye ramani haugusi. Anafuata ile myembamba inayojikunjakunja, maana barabara ikijikunja kuna kilima, na kilima kinafukuza magari. Halafu anatafuta alama ya kanisa. Alisema Uingereza vijia vizuri vyote vinatoka kanisa hadi kanisa, kwa sababu vilikuwa vya miguu kabla ya kuwa vya magari. Wisconsin akakuta ni vivyo hivyo. Barabara yenye kanisa na isiyo na gas station, hiyo pita bila kuuliza.

Na zile barabara hazina majina, zina herufi. Unatoka kwenye E, unaingia kwenye CC. Nilidhani ananitania.

Basi tukaanza.

Wakuu, niseme ukweli, sijawahi kuona kitu kama kile. Mwezi wa tisa, mahindi yamekauka, miti inaanza kuwa myekundu juu ya vilima, ng'ombe weusi kwa weupe wamelala kama hawana shida na mtu. Na kimya! Nasikia mnyororo wangu mwenyewe. Miaka mitatu ya Marekani nilikuwa naijua kwa dirisha la basi na korido za kazini, sikujua kuna Marekani inayonuka majani na mavi ya ng'ombe kama nyumbani. Nilitaka kupiga kelele za furaha, heshima ikanizuia.

Likipita pick-up la mkulima, dereva anainua kidole kimoja juu ya usukani. Nikadhani ananionya. Mama akasema wanasalimia hao. Nikaanza kumpungia kila mtu mkono mzima, hata trekta lililoegeshwa.

Kikaja kilima cha kwanza.

Hapo ndipo nilipojua mchele na chuya. Baiskeli yangu nilinunua kwa mtu aliyekuwa anauza vitu garage kwake, ina gia kumi na nilikuwa najua mbili. Nikakanyaga kwa sifa hadi katikati, pumzi ikakata, nikashuka nikasukuma. Mama akanipita amekaa, miguu inazunguka taratibu kama anasaga kitu, hata jasho hana.

"Tafuta gia ndogo," akasema bila kugeuka. "Na uwache kupigana na hiyo kitu."

Kilima cha pili nikakipanda chote nikiwa juu ya siti. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mimi niliinama hadi kidevu kikakaribia usukani. Nilipofika kileleni na kuona bonde lote chini, na barabara inateremka hadi kupotea kwenye miti, furaha niliyopata siwezi kuieleza. Tukateremka. Machozi yananitoka kwa upepo, fulana inapepea, nimesahau posa, nimesahau bukta, nimesahau mitihani.

Tulipotoka kwenye mabonde tukatokea juu, kwenye mashamba ya wazi. Hapo upepo ukatupokea usoni.

Upepo wa kule hauna mti wa kuusimamisha. Unakanyaga kwenye tambarare unaona kama unapanda ukuta. Mama alikuwa mbele, mimi nyuma yake, kama nyumba tatu hivi. Umbali huo niliuchagua makusudi. Karibu yake nitakuwa naangalia nini? Mama mkwe wangu kainama juu ya baiskeli! Macho niliyaweka kwenye mahindi.

Baada ya muda mama akasogea kushoto kidogo, akachezesha kiwiko cha kulia. Nikafikiri anajinyoosha. Akachezesha tena, halafu akanipungia mkono kwamba nipite.

Sasa mtu mwenye malezi ukiambiwa na mkubwa upite, unafanyaje? Unakataa. Unamwambia atangulie yeye. Na mimi nilikuwa na sababu ya ziada, kwamba nikipita mbele ndiyo nitamwonyesha hiyo bukta maili nzima, sponji na kila kitu.

"Tangulia tu Mama, mimi nafuata!" nikamwambia kwa adabu zote.

Akarudi mbele. Baadaye akanipungia tena. Nikakataa tena. Mara ya tatu nikaongeza na kusema, mimi ni wa nyuma yako siku zote Mama. Nilijiona nimeongea kama mzee wa baraza. Moyoni nasema hapa nimeshachukua binti.

Mama akainamisha kichwa, akakanyaga. Hakupunga tena.

Niliona mabega yake yanaanza kuyumba kila anapokanyaga. Bado nikabaki palepale, mbali, na heshima yangu.

Tulipumzika kwenye kanisa dogo jeupe, lina makaburi pembeni, hakuna mtu. Mama akakaa kwenye ngazi. Mimi nikasimama mbali, fulana nimeishika kwa mikono miwili. Akamimina chai ya maziwa yenye tangawizi. Nusu ya chai ikamwagikia nje ya kifuniko. Uso umempauka. Nilishtuka. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona kama mtu aliyechoka, na kumbe jana yake alikuwa kazini mchana na jioni.

Akanywa kidogo. Akaniangalia.

"Njeri anasema wewe ni mtu mzuri," akasema. "Pengine ni ukweli. Lakini mimi leo nimeendesha peke yangu."

Wakuu, yale maneno yaliniingia. Hakuyasema kwa hasira, angekuwa na hasira ningepona. Aliyasema kama nesi anayekupa majibu ya vipimo. Nikaona kabisa Njeri anaondoka, naona ile safari ya Murang'a inafutika.

Nikamwambia, "Mama, nilikuwa nakuheshimu."

"Ukiwa huko nyuma?"

Ikabidi nifunguke. Nikamweleza yote. Mambo ya mkwe kwetu, kwa nini nilikaa siti ya nyuma ya gari, kwa nini niliangalia mahindi. Nilipofika kwenye bukta nikaonyesha tu kwa mkono.

Mama Njeri alianza kucheka. Alicheka hadi akaweka chai chini, akashika mbavu, machozi yanatoka, anasema ngoja, ngoja kwanza. Mimi nimesimama makaburini nimeshika fulana yangu.

Alipotulia akaniuliza kama kweli sijui kukaa kwenye tairi la mwenzangu, na yule bingwa aliyeambiwa anakuja yuko wapi. Nikakiri kwamba bingwa ni wa kubeba mpunga. Ndipo akanieleza. Wa mbele anaupasua upepo. Wa nyuma akikaa karibu kabisa anapumzika, anavutwa kama bure. Mkiwa wawili mnabadilishana, na kile kiwiko ndiyo lugha yake, kwamba nimechoka, njoo ushike. Mimi niliitwa mara tatu, mara tatu nikajibu kwa adabu kwamba aendelee kuchoka.

Halafu akanisimulia kitu. Mwaka wake wa kwanza Shropshire, msimu wa baridi, yeye peke yake mweusi, hana mtu. Siku moja upepo ulivuma kutoka milima ya Wales kwa nguvu hadi akaanza kulia juu ya baiskeli. Bibi mmoja wa kile kikundi, ambaye hakuwahi kuongea naye zaidi ya salamu, akaja mbele yake akakaa hapo hadi nyumbani.

"Mume wangu hata baiskeli hakujua," akasema. "Lakini kwa mambo mengine yote alikuwa anakaa mbele yangu hivyo. Tangu aende, hii upepo naikata mwenyewe. Njeri sitaki aishi hivyo."

Nilitaka kulia, wala sioni aibu kuwaambia.

Akasimama, akafungua begi lake, akatoa koti la mvua, refu, la njano, lile ambalo mtu aliyeishi Uingereza haachi nyumbani hata jua liwake vipi. Akanirushia.

"Vaa. Kwetu pia mkwe ana miiko. Lakini hakuna mwiko wa kuacha mzee kwa upepo."

Nikavaa. Likanifika magotini. Jua linawaka, mbingu bluu, mimi nina koti la mvua.

Na nikaenda mbele.

Mara ya kwanza niliharibu. Kwa kutaka kumfurahisha nikakanyaga kwa nguvu zote, kugeuka namwona yuko mbali kule, kadoti. Nikasimama kumsubiri. Akaniambia kwenda mbele siyo kukimbia, mbele ni pale ambapo wa nyuma bado yupo. Basi nikajifunza. Nikawa nasikiliza mnyororo wake. Ukisikika karibu nakanyaga, ukififia napunguza.

Lile koti likajaa upepo, likafura pande zote. Nilikuwa natoka jasho hadi viatuni, mapaja yanawaka moto, na nawaambia wakuu, sijawahi kuwa na raha kama ile. Upepo wote ule ulikuwa unaishia kwangu! Nyuma yangu nikaanza kusikia mama anaimba. Wimbo wa kanisani, Kikikuyu, sauti ya chini, anaimba kwa kufuata miguu. Mtu anayeteseka haimbi. Nikatanua kifua zaidi.

Nikichoka nachezesha kiwiko, anakuja mbele kidogo, mimi nakaa kwenye tairi lake, karibu kabisa, macho kwenye tairi. Ukiangalia tairi huoni kitu kingine, hilo nalo nililigundua. Halafu narudi mbele. Tulikwenda hivyo, E hadi CC, CC hadi herufi nyingine, kanisa hadi kanisa. Mteremko wa mwisho ukatushusha hadi mtoni, ziwa lote linameta, na mimi nikapiga ukelele. Heshima ilishindwa. Mama naye akapiga wake nyuma yangu.

Kurudi nyumbani akanipa ufunguo wa gari niendeshe, akakaa kiti cha pembeni, akalala kabla hatujavuka mto. Hakusema ndiyo wala hapana.

Crystal tulifika usiku, tukamkuta Njeri amerudi kutoka kazini, anaosha vyombo. Akaniuliza kwa macho. Nikainua mabega, maana sikujua. Mama akapita moja kwa moja hadi kwenye simu ya ukutani, akatoa calling card, ile kadi ya kupigia simu za nje, akaanza kubonyeza zile namba ndefu. Kule Kenya kulikuwa kumeanza kukucha.

Akaongea Kikikuyu muda mrefu. Anasikiliza, anaongea, anacheka kidogo. Mimi sielewi hata neno. Nikasikia tu jina langu, halafu "Tanzania".

Njeri akafunga bomba. Akasimama na sahani mkononi, povu linadondoka sakafuni.

Nikamnong'oneza, anasema nini?

"Anaongea na uncle mkubwa," akasema. "Anamwambia watafute mzee anajua Kiswahili kizuri, wasituaibishe. Wageni watatoka Shinyanga."

Basi wakuu, hicho ndicho kisa changu.

Nilichojifunza ni hiki. Heshima ni kitu kizuri na sijaiacha, hadi leo mama mkwe nikiongea naye kwa simu nasimama. Lakini ipo heshima inayokuweka mbali na mtu wakati anakuhitaji, na yeye akigeuka anaona barabara tupu. Ukiitwa mbele, nenda mbele. Na ukishafika huko, sikiliza kama wa nyuma bado yupo.

Nyie mlipimwa na nini ukweni? Kuna aliyelimishwa, aliyechinjishwa kuku, aliyesomeshwa Zaburi? Mwageni hapa chini, msiogope. Na kama kuna mtu yuko Twin Cities, huko Minneapolis, ana baiskeli na mapafu, aniulize, hizo barabara za herufi bado zipo na bado hazina magari.